Texas Instruments na ufunguo wa TI-83 Plus: walikuwa na hoja, wakaleta nyingine

Kuna kisa kimoja huwa nakitoa nikibishana na watu wa "si waweke tu ulinzi" kila linapokuja suala la kampuni kufunga kifaa ambacho tayari wameshakiuza, nacho ni hiki cha Julai 2009, cha kalkuleta ya shule, namba mbili na kampuni kubwa ya Marekani iliyopaniki. Wengi wanakijua juu juu, yaani jamaa kavunja ufunguo, kampuni ikatuma barua za kisheria, intaneti nzima ikacheka, basi. Mi naona ukikaa nacho vizuri kuna kitu kingine ndani. Texas Instruments, hawa TI, walikuwa na hoja nzuri tu, ila hawakuitoa, wakatoa nyingine ambayo haikuwa na mashiko hata kidogo, na ile nzuri wakaja kuitamka miaka zaidi ya 10 baadae.

Tuanze na mashine yenyewe maana huku kwetu wengi hatujaishika. Sisi tumekua na Casio fx-82 au fx-991, na ukiingia chumba cha mtihani, uwe wa NECTA au wa KNEC, kalkuleta inayoprogramika hairuhusiwi, kwisha habari. Marekani mambo ni mengine kabisa. TI-83 Plus ilitoka 1999, ina kioo cha nukta 96 kwa 64, inachora grafu, inaprogramika, na inaruhusiwa kwenye SAT, ule mtihani wa watoto wanaoomba vyuo. Vitabu vya hesabu vya sekondari vinaandikwa kabisa na maelekezo ya vitufe vyake, mwalimu anafundisha akiwa ameishika mkononi, kwa iyo mzazi hana ujanja, anatoa dola zake mia na kitu ananunua. Ndani kuna prosesa ya Z80, muundo wa miaka ya 70 huo, inakimbia kwa megahezi 6, RAM kilobaiti 32 ambayo mtumiaji anaachiwa kama 24 tu, na memori ya flashi kilobaiti 512. Mwaka 2004 ikaja TI-84 Plus, ikaongezewa spidi hadi megahezi 15 na tundu la USB, ila kimsingi ni mashine ileile na bei ileile. Teknolojia ya simu ilikuwa inaruka kila mwaka, hii ikakaa palepale, na bado ikawa inauzika.

Sasa mpe mtoto wa miaka 15 kompyuta ya mfukoni akae nayo vipindi 8 kwa siku, mwalimu hawezi kumnyang'anya kwa sababu ni kifaa cha somo, unategemea nini? Watajifunza kuiprogramu tu. Wanaanza na TI-BASIC ambayo imo humohumo, inasoma mstari mmoja mmoja na ni pole sana, kagemu ka nyoka kanasogea utafikiri kanaumwa. Baada ya miezi kadhaa mtoto anataka spidi, ndo anaingia kwenye asembli ya Z80, lugha ya chini kabisa inayomwamuru prosesa moja kwa moja, ambayo vyuo vingi vilishaacha kuifundisha, yeye anajifunza peke yake usiku ili atengeneze Mario ya rangi mbili. Hii jamii ipo tangu miaka ya 90. Kwenye TI-85, ya 1992, TI hawakuweka njia yoyote ya kuendesha asembli, watu wakagundua ukilichezea faili la bakapu kwa ujanja fulani ukalirudisha kwenye kalkuleta, unaweza kuilazimisha iruke iende kwenye kodi yako, ndo ikazaliwa ZShell. Mwaka 1996 ukaja mtandao wa ticalc.org, ghala la programu hizi, maelfu kwa maelfu.

Na hapa TI walicheza vizuri, lazima niwape haki yao. Hawakupigana. TI-83 Plus ilitoka kiwandani na amri ya kuendesha asembli, Asm( unaandika jina la programu unafunga mabano unabonyeza ENTER, inakimbia. Wakatoa vifaa vya kutengenezea programu za flashi, wakatoa na ufunguo wa bure wa kusainia programu hizo ili mtu yeyote aweze kuzigawa. Uhusiano ulikuwa mzuri kwa kiwango chake. Ila kulikuwa na chumba kimoja wamekifunga: OS yenyewe, mfumo endeshi. Huo ulikuwa wao peke yao.

Kwa nini mtu ahangaike na OS wakati programu zake zinakimbia? Kwa sababu OS ya TI ilikuwa inabana. Mfano unaojulikana sana kwa wanaoandika asembli ya hii mashine: kodi hairuhusiwi kukimbia kupita anwani ya memori inayoitwa C000, ukivuka hapo kalkuleta inajizima na kuanza upya, kwa iyo hata kama una RAM kilobaiti 24, kodi yako inabidi ijibane kwenye kama kilobaiti 8 na ushee. Watu walikata, wakabana, wakahamisha vipande huku na huku, sanaa kabisa. Afu menyu ni zilezile, hesabu inaendeshwa vilevile, hitilafu ukiikuta unasubiri TI watoe toleo jipya wakitaka. Kwa mtu ambaye ameshaandika kila kitu kingine, OS ndo kilima kilichobaki. Na kulikuwa na njia za panya za kuingiza OS isiyo ya TI hata kabla ya 2009, ila zilihitaji programu maalumu ya kuizunguka kufuli, si kitu cha kumwambia mtu "pakua, tuma, maliza".

Kufuli lenyewe ni sahihi ya kidijitali ya mbinu inayoitwa RSA, na hapa naomba nisimame kidogo maana kisa chote kimekaa kwenye hesabu hii na ni hesabu ya kidato cha nne tu. Chukua namba tasa mbili, 53 na 61. Zizidishe, unapata 3233. Hiyo 3233 unaiweka wazi ndani ya kila kalkuleta pamoja na namba nyingine ndogo, tuseme 17. Siri ni 53 na 61, maana mwenye nazo anaweza kukokotoa namba ya tatu, 2753, ambayo ndo kalamu ya kusainia. Sasa umeandika OS, unaipitisha kwenye kanuni ya kutoa muhtasari (TI walitumia MD5), tuseme muhtasari umetoka 65. Unachukua 65 unaipandisha kwa kipeo cha 2753, unagawa kwa 3233, baki ni 588. Hiyo 588 ndo sahihi, unaibandika kwenye faili. Kalkuleta ikipokea faili inafanya kinyume chake, inachukua 588 inaipandisha kwa kipeo cha 17, inagawa kwa 3233, baki ikiwa 65 na muhtasari iliouhesabu yenyewe ni 65 basi faili limetoka kwa mwenyewe, linakubaliwa. Ikitoka namba nyingine yoyote, linakataliwa. Wewe usiye na 2753 huwezi kuipata 588, na ili uipate 2753 lazima ujue 3233 imezaliwa na nani na nani. Kwa 3233 utajua ndani ya dakika moja na kalamu. Kwa TI ile namba ya wazi ilikuwa ya biti 512, tarakimu zaidi ya 150.

Sasa angalia tarehe. TI-83 Plus imetoka 1999. Na Agosti 1999 hiyohiyo kundi la watafiti wakiongozwa na taasisi ya CWI ya Uholanzi walitangaza wameivunja RSA-155, namba ya biti 512, saizi ileile. Ilikuwa kazi nzito kweli, kompyuta mamia na mwishoni Cray C916, kompyuta kubwa ya maabara, ya kumalizia, si kitu cha mtoto wa shule. Ila mtu yeyote wa fani aliyesoma ile habari alijua biti 512 imeshaanza kuhesabiwa siku. TI waliweka kufuli hilo kwenye mashine ambayo wangeiuza kwa miaka na miaka, na ufunguo wa kukagulia ukawekwa kwenye sehemu ya memori ambayo haiandikwi upya kirahisi, kwa hiyo mashine iliyokwisha kununuliwa haiwezi kubadilishiwa kufuli kwa mbali. Siwalaumu kwa kuchagua biti 512 mwaka huo, Z80 ya megahezi 6 ikikagua sahihi kubwa zaidi mwanafunzi angesubiri mpaka alale. Nawalaumu kwa kuendelea nazo kwenye TI-84 Plus miaka 5 baadae kana kwamba dunia imesimama.

Miaka 10 ikapita. Julai 2009 mwanajamii mmoja, Benjamin Moody, akaweka kwenye jukwaa la United-TI zile namba mbili tasa za ufunguo wa TI-83 Plus. Hakudukua kompyuta ya TI, hakuiba faili, hakuhonga mfanyakazi. Alikaa na kompyuta yake ya mezani, Athlon64 ya viini viwili, gigahezi 1.9, akapakua programu za bure, msieve na ggnfs, akaiacha ichemke siku 73. Diski iliyotumika haikufika gigabaiti 5, RAM kama 2.5 hivi. Hizo kompyuta mwaka huo zilikuwa za kawaida, unaikuta kwenye intaneti kafee yoyote ya Kariakoo au River Road. Yaani kilichohitaji Cray na kundi la maprofesa 1999, 2009 kinahitaji uvumilivu na bili ya umeme.

Mbinu yenyewe, kwa kifupi sana, haijaribu kugawa namba moja baada ya nyingine, ungefika kiama. Inakusanya mamilioni ya mahusiano madogo madogo ya namba, inayachekecha (ndo kazi ya siku nyingi), afu inayapanga kwenye jedwali kubwa mno, inalitatua, mwishoni inatoka na namba mbili. Uzuri wa kuchekecha ni kwamba kazi inagawanyika, wewe chukua kipande hiki, mimi kile. Na jamii ikaliona hilo haraka sana. TI walikuwa na funguo nyingine kwa mashine nyingine, TI-84 Plus, TI-89, Voyage 200 na wenzao, zote biti 512, watu wakaanzisha mradi kwenye BOINC, mfumo wa kuchangishana nguvu za kompyuta, ukaitwa RSA Lattice Siever, unaacha kompyuta yako ichangie ikiwa haina kazi, na ndani ya wiki chache funguo zote zilizobaki zikawa chali. Wiki chache! Moody alitumia miezi miwili na nusu kwa ufunguo mmoja, umati ukamaliza zilizobaki kabla shule hazijatulia.

Mpaka hapa ni hesabu tu na watu wenye muda. Tatizo linaanza TI walipoamka.

Wakatuma notisi za DMCA, ile sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali. Za kwanza zilienda kwa wahusika wenyewe wa jamii ya kalkuleta, na hao, wengi vijana, hawana wakili, hawana hela ya wakili, wakaziondoa namba fasta bila kuuliza mtu. Nadhani TI wangeishia hapo kisa kingeishia hapo pia, watu mia kadhaa duniani wangekuwa na zile namba kwenye diski zao na mwalimu wa hesabu wa Ohio asingejua lolote. Hawakuishia hapo. Wakatuma nyingine na nyingine, kwa United-TI, kwa Reddit, kwa Wikipedia. Sasa ukishamwandikia Wikipedia na Reddit kuwaambia waondoe namba, namba tupu, umeshawatangazia watu ambao hawajawahi kugusa kalkuleta maishani mwao kwamba kuna namba haramu. Zikasambaa kila mahali, WikiLeaks wakaweka nakala, blogu za WordPress zikajaa. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya ile vurugu ya ufunguo wa AACS wa 2007, ule wa kufungulia diski za sinema, ambapo watumiaji wa Digg, tovuti ya kupendekezeana habari, waliujaza ukurasa mzima na namba ile mpaka wenye Digg wakasalimu amri. Mfano ulikuwa mbichi kabisa. Mawakili wa TI sijui walikuwa wanasoma gazeti gani.

Ila tofauti kati ya AACS na TI ndo kiini cha uchambuzi huu. Ufunguo wa AACS ulikuwa kweli unafungua kitu kilichofichwa, sinema iko kwenye diski imevurugwa, bila ufunguo huioni. Kufungua kazi ya mtu yenye hakimiliki ndo hasa DMCA kifungu cha 1201 kinachokataza. Ufunguo wa TI haufungui kitu. OS ya TI-83 Plus ilikuwa inapakuliwa bure kwenye tovuti ya TI wenyewe, haijafichwa, haijavurugwa, na ukiwa na kalkuleta unaweza kuisoma memori yake yote baiti kwa baiti. Ni kama mlinzi wa getini anayekagua wanaoingia tu, wanaotoka hawamhusu. Sasa unamshtaki mtu kwa kuiba kitu ndani kwa kuwa alimpita mlinzi ambaye kazi yake haikuwa kuvilinda vilivyomo ndani? Mtu aliyezipata 53 na 61 anachoweza kufanya ni kusaini OS ALIYOIANDIKA MWENYEWE na kuiweka kwenye kalkuleta ALIYOINUNUA MWENYEWE. Hakimiliki ya TI imeguswa wapi hapo?

Na hii haikuwa nadharia ya vijana wa mtandaoni tu. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Marekani ilishaamua kesi ya Lexmark dhidi ya Static Control, ambapo Lexmark waliweka chipu kwenye katriji za tona, yaani wino wa unga, ili printa zao zikatae katriji za watu wengine, mwingine akatengeneza chipu inayokubalika, Lexmark wakakimbilia DMCA. Mahakama ikawaambia, pamoja na mengine, programu yenu ya printa inasomeka wazi na yeyote aliyenunua printa, hiyo chipu yenu haizuii mtu kuifikia, kwa hiyo msituambie imelinda hakimiliki. Badilisha printa weka kalkuleta, ni kesi ileile.

Septemba mwandishi wa The Register, gazeti la teknolojia la mtandaoni, akawashtua EFF, lile shirika la kutetea haki za mtandaoni, wakakubali kuwatetea bure watu watatu waliopokea notisi. Tarehe 13 Oktoba 2009 wakaiandikia TI barua: kuchapisha namba hizi hakuvunji DMCA, sheria yenyewe inaruhusu kufumua kifaa ili utengeneze programu inayoendana nacho, na mkiendelea kutuma notisi za uongo mnaweza kudaiwa nyie. Mapigo yalibadilika hapo. TI wakaendelea kidogo kutuma kwa wengine, afu kufikia mwisho wa mwaka wakanyamaza. EFF wakapeleka notisi za kupinga kwa niaba ya wale watatu, muda uliowekwa kisheria ukapita TI hawajajibu wala kwenda mahakamani, wale watatu wakarudisha namba kwenye blogu zao. Kesi haikuwahi kufunguliwa. Na hilo mi naliona ndo jibu la kisheria lenyewe, kampuni yenye mawakili wa kumwaga ingekuwa na imani na hoja yake isingeshindwa kuisukuma dhidi ya wanablogu watatu.

Sasa twende kwenye hoja ambayo hawakuitoa.

TI hawauzi prosesa ya Z80 kwa dola 100, hakuna mwehu wa kununua hivyo. Wanauza uaminifu wa chumba cha mtihani. Bodi za mitihani zinakubali TI-84 kwa sababu zinaamini kinachoonekana kwenye kioo ndicho kilichomo. Msimamizi anapita na kusema futa memori, mwanafunzi anabonyeza, inaandika RAM Cleared, msimamizi anaenda kwa mwingine. Na hapo wanajamii wenyewe wanajua, ingawa 2009 wengi walikuwa wanakwepa kulisema kwa sauti, kwamba programu za kuigiza ule ujumbe zilikuwepo miaka mingi, za TI-BASIC tu, mistari michache, inafuta kioo inaandika RAM Cleared na mshale unapepesa kama kawaida, vidokezo vyako vyote viko salama. Msimamizi makini anaweza kuigundua, abonyeze vitufe viwili vitatu uigizaji unavunjika. Lakini OS nzima iliyoandikwa na mtu mwingine? Hiyo inaweza kudanganya mpaka chini kabisa. Kila menyu, kila kitufe, hata namba ya toleo, vyote vinasema TI na si TI.

Hiyo ni hoja halali. Si ya hakimiliki, ni ya biashara na ya haki kwa mwanafunzi aliyekesha akisoma. Wangeitoa wazi, wakaenda kwa viongozi wa jamii wakasema jamani, ninyi wenyewe mnajua mtihani ukipoteza imani na hizi mashine hakuna shule itakayoruhusu kitu kinachoprogramika na hobi yenu itakufa pamoja na soko letu, nina hakika wengi wangesikiliza. Hawa si maadui. Ndo hao hao wanawafundisha wadogo zao hesabu kwa kutumia bidhaa ya TI, wanairekebishia hitilafu bure, wanaandika nyaraka kuliko zile rasmi. Lakini kwa wakili hoja ya namna hiyo haina kifungu. Huwezi kumtumia Reddit notisi ya "tafadhali, mitihani". DMCA ina fomu, ina anwani, ina matokeo ya haraka, kwa hiyo wakaivalisha hoja ya mtihani nguo za hakimiliki, na nguo hazikuenea.

Na pia tuwe wakweli, hata hiyo hoja ina mpaka wake. Ufunguo kuvunjwa haukuleta udanganyifu mpya, uliurahisisha tu, na anayetaka kuibia mtihani hahitaji kuandika mfumo endeshi mzima, atabandika karatasi nyuma ya kifuniko cha betri. Kilichotokea baada ya 2009 kinaonyesha hivyo. Walioutumia ule ufunguo kwa bidii ni watu kama wa KnightOS, mfumo endeshi huria wa kalkuleta za Z80 za TI, una faili zake, una uwezo wa kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kwenye mashine ya kilobaiti 32 za RAM. Ni kazi ya miaka, na mtihani haujaguswa popote. Uzuri wake mwingine hauonekani kwa mtumiaji: mtu aliyeandika OS kwa Z80 anaelewa kompyuta kwa namna ambayo kozi nzima ya chuo inaweza isikupe.

TI nao walijifunza, ila somo walilolichukua ni la kufuli. TI-Nspire, ambayo ilishatoka tangu 2007, ilikuwa na ufunguo wa biti 1024, na jamii wala haikujisumbua kuchekecha namba, wakatafuta tundu kwenye OS yenyewe, mwanzoni mwa 2010 ikatoka Ndless, programu ya kupita kwenye tundu hilo, na asembli ikaanza kukimbia. TI wakaziba, wakazuia pia mtu kurudi kwenye matoleo ya nyuma, Ndless nyingine ikatoka, ikawa mchezo wa kufukuzana miaka nenda rudi. TI-84 Plus CE ya 2015 yenye kioo cha rangi na eZ80 ya megahezi 48 ikaja na ufunguo wa biti 2048, ambao kwa kompyuta za sasa hakuna mtu wa kukaa nao siku 73 wala miaka 73. Ila asembli na lugha ya C zikaachwa zikimbie kama kawaida, na ikawa miaka mizuri sana, magemu ya rangi, vifaa vya kisasa vya kuandikia C, watoto wapya wakajaa.

Mpaka Mei 2020. Siku hizo mitihani ilishaanza kudai hali ya mtihani, kitaa kinawaka juu ya kalkuleta na memori inafungiwa, Ufaransa ndo walikuwa wakali zaidi, na ikaonekana video ya kuonyesha namna ya kuizunguka kwenye TI-83 Premium CE, ndugu yake wa Kifaransa. TI wakatangaza: toleo jipya la OS litaondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za asembli na C, kwenye CE za Ufaransa na za Marekani. Sababu waliyotoa safari hii ilikuwa mtihani, wazi, bila hakimiliki. Yaani ile hoja ya 2009 ndo ikatoka kabatini, lakini badala ya kuja kama mazungumzo imekuja kama amri, na aliyeadhibiwa si aliyeibia, ni mtoto wa Ndless na KnightOS wa kizazi kipya ambaye alikuwa hata hajazaliwa RSA-155 ilipovunjwa.

Jamii safari hii iligawanyika, na hiyo naona ni tofauti kubwa na 2009. Wako waliotukana TI kama kawaida, lakini wako pia, tena wakongwe, waliowageukia wenzao: kwa nini unaweka video hadharani ya kuvunja hali ya mtihani badala ya kuwaandikia TI kimya kimya wazibe? Kwenye kisa cha Moody hilo swali halikuwa na maana, kazi yake haikumdhuru mtu. Kwenye hiki lilikuwa na maana kabisa na mi nilikuwa upande wa wanaouliza. Majibu ya kiufundi nayo hayakuchelewa, Septemba 2020 ikatoka programu ya arTIfiCE, inaingia kupitia tundu kwenye Cabri Jr., programu ya jiometri ambayo TI wenyewe wanaigawa, na asembli ikarudi kwenye OS mpya kana kwamba haijawahi kuondoka. TI hawakutuma notisi Reddit wala Wikipedia.